Blues ya Vipimo Kumi

Mpaka leo nikisikia watu wa Mbarara wakimsifu yule mpiga gitaa wa hotelini, damu inanichemka.

Blues niliijulia kambini Nakivale, kwenye simu. Jirani alininakilia wimbo mmoja pale kibandani wanapochaji simu, gitaa tupu bila maneno. Niliuacha ujirudie, nikaufuata kidole kwa kidole hadi nikaushika. Akodi zake ni tatu tu: ya kwanza, ambayo ndiyo nyumbani, kisha ya nne, kisha ya tano. Kila mzunguko ulikuwa na vipimo kumi, na kila kipimo mguu unagonga mara nne. Mwishoni simu ilinyamaza kidogo kabla ya kuanza upya, nami pengo hilo nikaliziba kwa kupiga ubao wa gitaa kwa kiganja: ngo, ngo. Tulipiga hivyo miaka, mimi na wenzangu wawili wa Fizi, Wakongo kama mimi, na siku za soko watu walicheza mpaka vumbi linatimka.

Halafu nikasikia hoteli moja ya Nyamityobora, mjini Mbarara, inatafuta mpiga gitaa. Kazi hiyo niliiota tangu nitoke Uvira. Kiongozi wa bendi alinisikiliza mizunguko miwili, pamoja na ngo, ngo zake, akainua mkono, akaniita bwana kwa lugha ya kwao.

"Ssebo, blues iko kumi na mbili. Wewe napiga kumi. Mbili iko wapi?"

Sikumwelewa. Akachukua gitaa akanionyesha: baada ya akodi ya tano na ya nne, wimbo unarudi kwenye ile ya kwanza, unakaa vipimo viwili, unapumzika.

"Hapa inarudi nyumbani," akasema. "Nyinyi wakimbizi hamujui kurudi nyumbani?"

Bendi nzima ikaangua kicheko.

Haya, wimbo wangu ulikuwa umekatika mwisho uliponakiliwa kibandani. Nakubali, kosa ni kosa. Lakini vipimo viwili ningejifunza kabla chai haijapoa! Kazi hakunipa. Mke wangu akajaribu kunipoza: "Baba, usiweke ile maneno mu roho. Bale batu banachekaka kila mutu." Sikupoa.

Mwezi uliofuata nilikuwa Mbarara na gunia la maharage begani. Nikapita nje ya hoteli ile, mchana, kuna sherehe ya harusi. Gitaa likanisimamisha langoni. Nikahesabu kwa mguu. Vipimo kumi. Kisha kiganja ubaoni: ngo, ngo. Wageni wakashangilia, na mpigaji, yule yule kiongozi wa bendi, akashika kipaza sauti.

"Asante! Hii mtindo ni yangu, nimetunga mimi mwenyewe."

Nikatua gunia. Nikapita katikati ya meza hadi mbele kabisa, na viatu vyangu vya vumbi.

"Ssebo," nikamwambia, harusi nzima ikisikia, "blues iko kumi na mbili. Mbili iko wapi?"

Kiganja chake kilikuwa bado kwenye ubao wa gitaa. Alimwita askari wa lango.