Kiti cha Mwenye Nyumba

Nilikuwaga hodari wa kumwigiza mwenye nyumba wetu. Naanzia hapo kwa sababu aibu yenyewe inaanzia hapo.

Nyumba ni ya zamani, katika mitaa ya mwanzo kabisa ya Musoma, karibu na ziwa, ambako ukisimama mlangoni unasikia adhana upande mmoja na kwaya ikifanya mazoezi upande wa pili. Wanasema aliijenga mfanyabiashara wa Kihindi. Juu ya mlango wa mbele kuna ua la saruji na tarakimu ambazo chokaa imezimeza. Mbele baraza, katikati korido, vyumba huku na huku, nyuma uani. Bibi mwenye nyumba alikaa vyumba viwili vya mbele. Nyuma tulikuwa sisi wapangaji: mimi na binti yangu na cherehani yangu ya kushonea sare za shule, dada mmoja Mjaluo aliyekaanga samaki na kuwauza sokoni, mama mapacha, ambaye ni Mkurya wa Tarime, na mlinzi aliyelala mchana kutwa, hata tukawa tunamsahau.

Lakini maisha yalikuwa uani. Asubuhi natoka na ndoo, namkuta dada anapara samaki.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Oyawore." Ndiyo salamu ya asubuhi ya kwao.

Alinizidi miaka kumi na zaidi. Alinifundisha matusi ya Kijaluo, mimi nikamfundisha ya Kijita, na mama mapacha akatuambia matusi yetu yote ni maneno ya Jumapili, tungoje tusikie ya kwao. Siku nilipompigia mume wangu, aliyekimbilia machimboni, ikapokelewa na mwanamke mwingine, dada ndiye aliyeninyang'anya ile simu, akaizima, akanipa kisu. "Para samaki," akasema. Nilipara beseni zima.

Na jioni kidogo, kabla giza halijaingia, nilikuwa nawapa mchezo. Nafunga kanga kifuani, natoa tumbo mbele, najikokota kutoka koridoni nikishika kiuno kama bibi: "Nani kaacha bomba linatiririka? Ziwa ni la Mungu, bomba ni langu!" Mama mapacha anacheka hadi anakaa chini. "Wewe Mjita wewe! Utafukuzwa!"

Kufukuzwa nilikuwa nakujua. Bunda, pale Manyamanyama, shemeji zangu walikuja wanne wakatoa kitanda nje, nguo za mtoto zikiwa juu yake. "Nyumba ni ya kaka yetu." Kaka yao mwenyewe alikuwa ameshatukimbia sote. Nikarudi kwetu Kibara. Kaka zangu wakanipokea vizuri sana, soda na nini, kisha mkubwa akanionyesha chumba nilichokulia: nyavu, injini ya boti, madumu. "Dada, ungetuambia mapema." Nikapanga Buhare. Mtoto wa mwenye nyumba akaoa, nikapewa wiki moja. Mtoto wangu alikuwa hajafikisha miaka miwili na alikuwa ameshatolewa nje mara tatu. Watu wanasema nina hasira. Ndiyo, ninayo.

Basi bibi alipotangaza kwamba anauza nyumba anarudi kwao Butiama akakae kwa mwanawe, uani palikuwa na vicheko. Nani anunue gofu lile, mabati yanavuja, mchwa wamekula fremu zote? Nilicheka nao. Kesho yake nikaenda mbele, nikapiga hodi, nikamwambia bibi naitaka mimi.

Akanitazama. "Una mtu nyuma yako?"

"Nina mtoto."

"Sikuulizi hilo."

"Basi sina."

Akakubali. Alinipa muda nikamilishe malipo, na nilikamilisha. Cherehani ilikula vidole vyangu na sitaki kulizungumza zaidi ya hapo.

Ila uani sikusema. Hapa ndipo nilipokosea, kama ni kosa. Hata leo sijakubali vizuri. Bunda nilimwambia jirani mmoja tu kwamba nina kiakiba, na kabla ya jioni mume wangu alikuwa ameshakijua na kukichukua. Nikajifunza kufunga mdomo. Kwa hiyo miezi yote ile nilipara samaki na dada, nikasikiliza wakihangaika kwamba mwenye nyumba mpya atakuwa nani, atatutoa au atatuacha, nami nikaitikia, "Eeh, Mungu anajua." Nilijua na mimi.

Walijua siku ya kuonyeshana mipaka. Alikuja mwenyekiti wa mtaa na daftari lake, akaja mzee wa Kiarabu mwenye tanuri la mikate upande wa kushoto, na majirani wengine wa kutia saini. Wakajazana koridoni, kisha wakatoka uani kuutazama ukuta wa nyuma, palepale majiko yetu yalipokuwa.

"Mnunuzi yuko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi."

"Unamwakilisha nani?"

"Najiwakilisha."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti akagongesha kalamu kwenye daftari. "Shemeji yuko wapi, tumwandike?"

"Shemeji hayupo."

"Kaka je? Baba? Dada yangu, kesho kutwa likitokea la kutokea tutaongea na nani?"

"Na mimi! Si ndiye unayeongea naye sasa hivi?"

"Huyu mkali," akawaambia wenzake. "Kwetu Wakurya mwanamke mwenye mji wake anaoa mwanamke mwenzake amzalie. Basi na wewe oa."

"Nimuoe wa nini? Aniongezee maswali?"

Hapo hata mzee wa mikate alicheka. Lakini kalamu ilikuwa bado hewani. Nilijua nikimleta kaka yangu kutoka Kibara akaandikwa yeye, siku moja ningezikuta nyavu na humu ndani. Bibi ndiye aliyeyamaliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao alichobebewa kutoka barazani.

"Andika jina lake," akasema. "Namuuzia yeye. Siuzii suruali."

Mwenyekiti akaandika. Herufi moja moja, jina langu. Nilipoinua uso nikamwona dada mlangoni mwa korido, beseni la sokoni kichwani, sijui amesimama hapo tangu lini. Mama mapacha alikuwa nyuma yake.

"Kumbe," dada akasema.

Hilo tu. Akashusha beseni, akaingia chumbani kwake.

Bibi aliondoka wiki hiyo hiyo. Mizigo ilipokwisha kupakiwa akanionyesha kile kiti, pale barazani alipozoea kukaa tangu asubuhi uso ukiwa barabarani. Sisi tulikuwa tukisema anahesabu wapita njia.

"Hicho nakuachia. Utakihitaji."

"Asante bibi."

"Na nilikuwaga nakusikia huko nyuma. Sauti yangu unaiweza kuliko mimi mwenyewe."

Sikupata pa kuficha uso. Naye hakungoja niufiche, akapanda gari.

Asubuhi yake nikatoka na ndoo kama kawaida. Nikafungua mdomo nimwamkie dada. Akaniwahi.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba."

Kisu mkononi, macho kwenye samaki. Mtu aliyenizidi miaka kumi na zaidi! Nikasema, "Dada, usinifanyie hivyo." Akasema, "Nimekosea wapi, mama?" Sauti laini, ile anayowapa wateja asiowapenda. Kila asubuhi baada ya hapo akawa ananiwahi. Nikaanza kuamka mapema zaidi, nakaa nyuma ya mlango nasikiliza kama ametoka, niwahi mimi. Fikiria, mtu mzima ndani ya nyumba yangu, nanyemelea salamu. Naye akawa anaamka mapema zaidi yangu.

Sikupandisha kodi, sikumfukuza mtu, bomba sikulifunga. Niliwaambia waziwazi: "Jamani, mimi ni yuleyule." Mama mapacha akajibu, "Sawa, mama mwenye nyumba," kwa heshima zote. Nikiingia uani, mwenye kufua anaanika haraka, mwenye kupika anaingiza sufuria ndani. Viatu vyangu vilikuwa vikichapa kigae cha korido, wakinisikia nakuja. Nikaanza kutembea peku, nikaacha, nikaona nimekuwa mwizi.

Siku moja nilikuwa nashona, nikasikia kicheko uani, kile cha zamani, cha mama mapacha kukaa chini. Nikanyanyuka mbio kabla sijakumbuka. Nikafika mwisho wa korido. Dada alikuwa amesimama katikati, kidole hewani, shingo imekaza, anasema kwa sauti kali ya pua: "Najiwakilisha! Najiwakilisha!" Alinipata vizuri mno. Na aliyekuwa anacheka kuliko wote, akipiga makofi, ni binti yangu.

Nilitaka kuingia. Nilitaka nifunge kanga, nitoe tumbo, niwape la bibi, tucheke wote. Nikapiga hatua moja. Nikasema, kwa sauti ya bibi kabisa, "Nani kaacha bomba linatiririka?"

Mama mapacha akageuka akalitazama bomba. Akaenda kulikaza, kumbe kweli lilikuwa linadondosha.

"Samahani, mama," akasema.

Dada alihama mwisho wa mwezi, akaenda Buhare. Mkokoteni ukapakiwa kitanda, karai, mabeseni. Nilitoka mpaka barabarani. Safari hii nilimwahi.

"Shikamoo dada."

Alikuwa ameshika godoro lisianguke. Mkokoteni ukageuzwa.

"Marahaba," akasema.

Nilingoja lile "mdogo wangu". Mkokoteni ulikuwa umeshafika kwa mzee wa mikate.

Nikakaa kwenye kiti cha bibi, barazani. Kinaangalia barabara, hakiangalii kingine. Wanapita wanafunzi wenye sare nilizoshona mimi, wanapita wanaokwenda msikitini na wanaotoka mwaloni na ndoo za samaki, watu wa makabila yote ya mkoa huu, kila mmoja na salamu yake. "Habari za hapo, mama mwenye nyumba." "Nzuri." Siku ya tatu nikaelewa kwamba bibi hakuwa na hesabu yoyote na wapita njia. Hakuwa na pengine pa kukaa. Na sisi nyuma tulikuwa tukicheka.

Hasira ilinipanda upya, ile yangu ya siku zote. Nimetolewa nje Bunda, nimetolewa Kibara, nimetolewa Buhare. Sitatolewa uani kwangu kwa kunyamaziwa. Nikakibeba kile kiti, kizito kama maiti, nikapita nacho koridoni kikigonga kuta, nikakiweka katikati ya majiko. Nikakaa. Mama mapacha akaingiza sufuria yake ndani. Kesho yake nikakaa tena, akaingiza tena. Keshokutwa hivyo hivyo. Mlinzi akachungulia, akarudi kulala. Binti yangu alikuwa akizunguka kiti akiuliza mama mkubwa wa samaki atarudi lini. Nikamwambia nyamaza. Baadaye nikamwambia sijui.

Siku ya nne mama mapacha alikuwa na makande jikoni, sufuria kubwa, na makande hayabebeki yakiwa yanachemka. Akakoroga akinipa mgongo. Akataka kuni zilizokuwa ukutani, akazunguka huku, akazunguka huko. Mwishowe akasimama mbele yangu, mwiko mkononi.

"Hicho kiti chako kinaziba njia."

Hakutaja mama, wala mwenye nyumba.

Nikanyanyuka, nikakisogeza hadi karibu na bomba. Akapita, akachukua kuni, akarudi kwenye makande yake. Nami nilikaa hadi yalipoiva.