Boti Iliyozama Ubaoni

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mjukuu wangu, kwa sababu nilikuwa na njaa na nimeamka na hasira zangu. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu hapa Kigoma, msichana mwembamba wa mwili, mpana wa mdomo. Usicheke. Huu mdomo unaousikia leo umeshapungua.

Ilikuwa miaka ile ndugu zetu wa Burundi walipokuwa wakivuka kuja kwetu, wengine kwa miguu, wengine kwa maboti wakishukia Kagunga. Nyumba nyingi za Gungu na Bangwe zilikuwa na mgeni, na hakuna aliyeona ajabu, maana ukifuatilia vizuri, mgeni huyo alikuwa shemeji au mjukuu wa mtu.

Getini kwetu chuoni alikuwapo mama mmoja wa Kirundi, Mama Daforoza, akiuza uji na maandazi. Alikuwa amefikia kwa binamu yake huko Bangwe. Mumewe, Melkiori, alibaki nyuma kumchukua mama yake mzazi, bibi kizee asiyeweza kutembea, nao wakaagana kwamba atavuka kwa boti na kumfuata Bangwe. Basi malori yakija kuwachukua watu kuwapeleka kambini, Mama Daforoza anakataa kupanda. "Nikiondoka atanikuta wapi?" ndilo lilikuwa jibu lake kila mara, na binamu mtu alishaanza kuchoka kulisha.

Sasa pale chuoni tulikuwa na gazeti la ukutani. Ubao mkubwa karibu na geti, wanafunzi wanabandika habari walizoandika wenyewe, na Mwalimu Ntiruka anazisahihisha na kuzitolea alama. Huyo ndiye aliyetufundisha Kiswahili, na ndiye aliyesimamia maktaba. Wiki ile alikuwa msibani Ujiji, kwa hiyo habari zikabandikwa bila kupita mikononi mwake.

Zamu ilikuwa ya mwenzetu mmoja, Zabroni. Kijana mtanashati, mwandiko wake ungedhani umepigwa chapa, lakini mvivu, jamani! Badala ya kutoka kwenda kuuliza watu habari, alikuwa amefungua robota la magazeti ya zamani kule maktaba, akakuta habari ya boti iliyotoka Burundi ikazama karibu na Kagunga, abiria wote wakafa maji. Akainakili neno kwa neno. Jina la gazeti akaliacha. Pale palipokuwa na tarehe akaweka "juzi", ili habari ionekane mbichi. Akatia jina lake chini, akabandika, akaenda zake kucheza mpira. Hayo yote tuliyajua baadaye.

Mimi nikapita na bakuli langu la uji, nikasimama mbele ya ubao. Mama Daforoza hakujua kusoma.

"Mwana wanje," akaniita kwa Kirundi chake, yaani mwanangu, "hapo wameandika nini?"

Nami kwa raha zangu nikamsomea kwa sauti, tena kwa madoido, kama mtangazaji wa redio. Nilipendezwa na sauti yangu hata sikumtazama. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, mwiko bado mkononi.

"Boti ya wapi?"

"Ya Burundi, mama."

"Juzi?"

"Imeandikwa juzi."

Hakulia pale. Alikusanya vikombe vyake, akajitwika ndoo, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Tukasikia amenyoa nywele, watu wamemkalia matanga, na kwamba sasa amekubali kupanda lori kwenda kambini, kwa kuwa hana tena wa kumsubiri.

Utaniuliza, mbona wavuvi wa Bangwe hawakukanusha? Walisema, mwanangu. Walisema hawajasikia boti yoyote iliyozama. Lakini nani wa kubishana na chuo? "Imeandikwa chuoni," wavuvi wakajibiwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwalimu Ntiruka aliporudi, ameshasikia habari za matanga yale, akasimama ubaoni, akasoma, akasoma tena. Akamwita Zabroni mbele yetu.

"Habari hii umeitoa wapi?"

"Watu wanasema, Mwalimu."

"Watu wana majina. Nani?"

Njia ya mwongo ni fupi. Zabroni alitaja huyu, akataja yule, mwisho akainama na kusema ameitoa maktaba, kwenye gazeti la zamani. Mimi nikacheka. Niliona hayo ni ya Zabroni na uvivu wake. Mwalimu akanigeukia.

"Na wewe unayecheka, si ndiwe uliyemsomea yule mama?"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini mimi nilisoma tu kilichoandikwa."

"Ulisoma tu! Huku kwetu mtu akileta habari ya kifo, kabla hakijapigwa kilio wazee humkalisha chini wakamuuliza: umeona kwa macho yako au umesikia? Kama umesikia, kwa nani? Bibi yako asiyejua hata herufi moja anauliza hivyo. Wewe uliyesoma umeona karatasi, ukanywea. Karatasi haina mdomo wa kuulizwa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nakwambia kweli, nimegombezwa mara nyingi maishani, lakini maneno yale yalinichoma, na nilistahili.

Hakutuacha tuendelee kusimama pale. Akalichukua lile gazeti maktaba, akatuambia twende kabla lori halijamchukua yule mama, na tukaenda Bangwe karibu mbio, Zabroni nyuma yetu akijifuta machozi. Tulikuta lori limeshawashwa injini. Mama Daforoza alikuwa juu, kichwa kimenyolewa, amekumbatia sufuria lake la uji.

Mwalimu akamsalimu, akampa pole, akamweleza yote bila kuzunguka. Yule mama akainama kutoka juu ya lori.

"Juzi karatasi yenu imeniambia amekufa," akasema. "Leo mnakuja na karatasi nyingine. Niamini ipi?"

Na mpaka leo sijasikia swali zito kuliko hilo darasani.

"Mama, mimi sijui kama Melkiori yu hai," Mwalimu akasema. "Sitakudanganya. Najua tu kwamba habari ile haikuwa yake. Wala usiniamini mimi. Binamu yako huyu hapa anajua kusoma. Mpe, akusomee siku lilipochapwa."

Binamu akalipokea, akasoma tarehe, akaanza kutikisa kichwa. "Dada, hili ni la zamani sana. Wakati huo wewe hujaolewa."

Mama Daforoza akashuka. Hakumsemesha Zabroni, hakunisemesha mimi. Lori likaondoka bila yeye, naye akarudi kwa binamu yake kungoja.

Melkiori alikuja. Si kesho yake, si wiki ile. Alikuja wakati nywele za mkewe zimeanza tu kuota, akamkuta palepale Bangwe walipopatana kukutana. Alishuka botini kambeba mama yake mgongoni. Akamwona mkewe na kile kichwa, akasimama majini, asijue aendelee au arudi.

"Nani amekufa kwetu?" akauliza.

Mkewe akajibu, "Wewe."

Nilikuwapo, mwanangu. Watu walicheka, Mama Daforoza naye akacheka, halafu akakaa kwenye mchanga akalia kilio ambacho sikukisikia siku aliposomewa ubao. Nilijua ni mimi niliyemsomea.

Ndiyo maana juzi uliponionyesha kazi yako ya chuo, maneno mazuri, sentensi zimenyooka, nikakuuliza umetoa wapi ukasema "mtandaoni, bibi", nilikumbuka ubao ule. Tangu hapo natafuta pa kuanzia. Mtandaoni ni wapi? Nani kaandika, lini, naye kaona au kasikia? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na anayekichukua bila kumtaja nduguye ni mwizi, hata akipewa alama zote. Maneno ya mtu yachukue, hakuna ubaya, ndiyo elimu yenyewe. Lakini mtaje mwenyewe, taja na siku, ili anayekusoma ajue njia ya kurudi. Hiyo maktaba yenu ingia usome, isiwe mahali pa kuchajia simu. Ukikwama muulize mkutubi, kuuliza si ujinga. Na ukiletewa habari, hata iwe imepambwa vipi, ikalishe chini kwanza uiulize maswali, ndipo umpelekee mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuuliza na moyo wa kukiri ulikochota. Na kalamu yako isimlize mtu ambaye hajafiwa.