Kibaraza Ambacho Mashine Ilikiona

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuifundisha mashine kusoma michoro ya ujenzi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Milima ya Uluguru. Mkurugenzi wa ofisi yetu hapa Morogoro, kijana mpole aliyenizidi vyeti na niliyemzidi miaka, alifungua kwenye kioo cha kompyuta mchoro nilioujua. Nilikuwa nimeuchora mwenyewe kwa mkono, zamani, nikiwa msichana.

"Mama, iambie hii ni nini na ile ni nini," alisema. "Kama unavyomwambia mtoto."

Ninyi mnaoanza kazi sasa mnaikuta mashine imeshajua. Wakati huo ilikuwa haijui kitu. Kazi iliitwa kuweka lebo: unauzungushia mlango kisanduku, unaandika "mlango". Unafanya hivyo kwa nguzo, kwa linta, yaani boriti inayopita juu ya milango na madirisha, na kwa kila mstari wa mkato, ule mchoro unaoionyesha nyumba kana kwamba imekatwa kwa kisu kama mkate. Ukishafanya hivyo kwa miezi, hiyo akili mnemba inaanza kubahatisha yenyewe. Inapendekeza jina, nawe unakubali au unakataa. Kanuni ilikuwa moja: weka lebo kwenye kilichochorwa, si kwenye kilichojengwa.

Michoro tuliyoifundishia ilitoka kwenye makabati ya ofisi, na karibu yote ilikuwa ya Mchoraji Mkuu wa zamani, aliyekwisha fariki. Yeye ndiye aliyenipokea kazini. Sikuwa nimesomea uchoraji. Nilijifunza kwa kutazama mkono wake na kwa kunakili usiku vitabu alivyoniazima. Mwanzoni alinipeleka Dakawa, kuchora maghala ya mpunga.

"Kule ardhi ni bapa, binti, utajifunza mstari," aliniambia. "Ukirudi utajifunza mlima."

Mzee huyo alikuwa na tabia moja. Nyumba yoyote aliyochora, iwe duka, shule au ofisi ya kata, aliipa kibaraza kwenye ukuta unaotazama njia. Kilikuwa na ngazi mbili: ya chini, usawa wa goti, ya kukalia, na ya juu, usawa wa kifua, ya kutua mzigo. Wanaoshuka mlimani na mboga hubeba kichwani, na mzigo ukishawekwa chini unahitaji mtu wa pili wa kukutwika. Ukiutua usawa wa kifua, unajitwika mwenyewe na kuendelea na safari.

Wateja walikifuta kwa kalamu nyekundu. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja aliyesema anajenga duka, si kijiwe cha wavivu. Mzee alimjibu kwa upole, "Anayengoja naye yumo ndani ya nyumba." Kibaraza kilifutwa. Mchoro uliofuata ulikuwa na kibaraza tena.

Kwa hiyo vichache sana vilijengwa. Lakini kwenye karatasi vilikuwapo vyote, nami niliviwekea lebo kimoja kimoja: kibaraza, kibaraza, kibaraza. Alasiri, macho yalipochoka na mlima ulipogeuka buluu dirishani, nilikuwa najiona natembea katika mji huo wa karatasi. Njia zake zilikuwa za risasi ya penseli, na kila ukuta ulikuwa na watu wameketi, mizigo imetulia nyuma ya mabega yao. Mashine ilijifunza mji huo. Mji tunaoishi sisi haikupata kuuona.

Ndipo ikaja zahanati ya misheni, katika kijiji kilicho juu mlimani. Mchoro wake ulikuwa wa msanifu kijana. Kati ya ukuta na mteremko alikuwa ameweka mistari miwili sambamba: mfereji wa kupitisha maji ya mvua yasipige msingi. Mashine ilitazama ukuta, ikatazama njia, ikatazama mistari miwili, ikaandika "kibaraza". Programu ya pili, inayokadiria gharama kwa kufuata lebo, ikakiwekea bei. Msimamizi wa zahanati, sista wa makamo, alikuwa ameomba makadirio ya haraka, na Mkurugenzi akayatuma kabla mimi sijayapitia.

Nilipoyapitia niliona kosa, naye Mkurugenzi akampigia simu. Sista hakujibu kwa simu. Alishuka mwenyewe siku ya pili, viatu vina matope.

Mkurugenzi alimwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nasikia mnataka kunifutia kibaraza."

"Sista, hakikuwapo. Ni mfereji. Mashine ilidhani tu."

"Ilidhani." Aliketi. "Nami nimeshawasomea kina mama baada ya misa. Chumba cha kujifungulia walikipigia makofi. Kibaraza, mwanangu, walikipigia vigelegele."

Akatueleza kwa nini. Siku ya kliniki wajawazito hupitia hapo wakiwa njiani kwenda sokoni, na wengi husubiri wamesimama, kabichi kichwani, kwa kuwa hakuna wa kuwatwika tena. Mwaka uliopita mmoja alianguka akiwa kwenye foleni. Alipona. Mtoto hakupona.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha hesabu. Fedha za wafadhili zilikuwa na kikomo, na kibaraza cha mawe chenye ngazi mbili na paa kingekula fedha za tangi la maji.

"Chagua mwenyewe, Sista. Tangi au kibaraza."

Sista alipitisha kidole kwenye safu ya hesabu hadi chini.

"Tangi," alisema. "Ila mimi siwezi kwenda kuwaambia."

Nilisema nitakwenda mimi. Nilibofya lebo, nikafuta "kibaraza", nikaandika "mfereji", na bei ikashuka palepale. Jumapili nikapanda.

Kina mama walinisikiliza nje ya kanisa, katika ukungu mzito kiasi kwamba waliosimama nyuma walikuwa sauti tu. Niliwaeleza juu ya mashine, mistari na tangi. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja mwenye umri wangu aliuliza ni nani hasa aliyeona kibaraza hapo. Nikamjibu, mashine.

"Kumbe yenye huruma ni mashine," alisema, na wenzake wakacheka. "Haya, dada. Tutakaa kwenye huo mfereji wenu."

Nilidhani ni mzaha.

Miaka michache baadaye nilistaafu kwa hiari, macho yakiwa yamechoka na visanduku. Sasa nina asubuhi ndefu. Siku moja nilipanda kutafuta miche ya stroberi, nikafika zahanati siku ya kliniki.

Mafundi walikuwa wameuchimba mfereji kwenye mteremko kama mchoro ulivyosema. Ukingo wake wa upande wa ukuta walikuwa wameuinua kwa mawe, usawa wa goti. Upande wa pili mlima ulibaki umekatwa wima, usawa wa kifua. Kina mama walikuwa wameketi kwenye ukingo, mgongo ukutani, miguu ndani ya mfereji mkavu, chini ya mwisho wa paa. Mbele yao, juu ya ule udongo uliokatwa, matenga ya kabichi na karoti yalikuwa yamepangwa mstari mmoja. Mvua ilianza. Walinyanyua miguu pamoja, bila kukatiza mazungumzo, maji yakapita chini yao.

Mmoja aliitwa ndani. Mwingine aliyekwisha kuhudumiwa akasimama mbele ya ule udongo uliokatwa, akainamisha kichwa kidogo, akajitwika tenga lake mwenyewe, akaondoka.

Sisemi kwamba mashine ilijua. Haikujua kitu, ilikuwa inaurudia mkono wa mzee mmoja. Niliketi nao hadi mvua ilipokatika, na hakuna aliyeniuliza ninangoja nini.

Tofauti ya bei kati ya kibaraza na mfereji, ambayo misheni iliiokoa siku ile nilipobadilisha neno, ilikuwa shilingi milioni mbili na laki saba.