Chemchemi Aliyoivuka Eda

Nikiwa mtoto wa darasa la pili, kwetu Itaka msichana aliye katika siku zake hakuruhusiwa kuvuka chemchemi. Bibi alisema maji yangekimbia. Shule ilikuwa ng'ambo, kwa hiyo kila mwezi dada yangu Eda alikaa nyumbani siku nne au tano akichambua maharage. Alianza shule kwa kuchelewa. Darasa la nne tayari alikuwa amevunja ungo.

Mwaka ule siku zake ziliangukia kwenye mtihani wa taifa wa darasa la nne.

"Mtihani utarudi mwakani," Bibi alimwambia.

"Na mimi nitarudi na mvi, Bibi?"

Tulicheka sote, hata Bibi.

Eda alivuka. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona akikunja sketi na kuruka mawe mbiombio. Jioni Bibi aliponiuliza, nilisema kweli. Sikujua nilikuwa nafanya nini.

Mvua zilichelewa, na kabla hazijafika chemchemi ikakauka. Wanawake walishuka na ndoo hadi mtoni, na kila wakimkuta Eda walisema, "Mpisheni msomi, ametunywea maji." Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu. Baba hakwenda kuyaangalia. Shule zilipofunguliwa, Eda alipewa jembe akapalilie kahawa, na baadaye akaozwa kata ya Ruanda.

Juu ya chemchemi ile Baba alikuwa amepanda milingoti, yaani mikaratusi, auze nguzo za umeme. Miti ile inamaliza maji ardhini. Hilo nilifundishwa sekondari. Nami nilifika sekondari kwa sababu nilipovunja ungo hapakuwa tena na maji ya kulinda.

Mwezi uliopita nilimweleza Eda habari ya milingoti, tukiwa kwenye meza yake ya parachichi, sokoni Vwawa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umesoma, mdogo wangu," alisema. "Lakini mimi nilivuka, na maji yakaondoka."

Kisha akanipa simu nimsomee ujumbe, maana herufi zilishamtoka siku nyingi. Ulikuwa wa mwalimu wa binti yake. Aliuliza kwa nini mtoto hukosa shule kila mwezi. Kwao Ruanda pia shule iko ng'ambo ya chemchemi.

"Mwandikie anaumwa tumbo," Eda akasema.

Nikaandika. Ningeweza kukataa, lakini mtoto angebaki nyumbani vilevile, na mwalimu asingepata hata jibu.