Mawe Juu ya Mikalamu

Wezi wengine huona haya wakajificha. Shigela alikwenda mchana kweupe, jembe begani.

Evelina Masele alikuwa na miaka sitini na tisa siku alipokuta ngitili yake imefukuliwa. Pori hilo nyuma ya Kisesa, ambalo marehemu mumewe alilizungushia uzio ng'ombe wasiingie, ndilo pekee lililobaki na mikalamu: ua jekundu lenye kingo za njano, linalopanda vichaka kwa ncha za majani yake. Mzizi wake humuua anayeula, lakini Evelina aliuponda akawachua wenye maumivu ya viungo. Mzizi una pembe mbili. Yeye alivunja moja, akairudisha nyingine udongoni, akaweka jiwe jeupe juu. Kiangazi mmea hukauka usione hata jani. Jiwe ndilo lililomkumbusha kwamba hapo papumzike miaka miwili.

Maana ya mawe alimwambia mtu mmoja tu, mdogo wake Shigela.

Sasa kila jiwe lilikuwa limebinuliwa, chini yake shimo. Mawe thelathini na moja! Evelina alikaa chini kwa hasira.

Alimfuata Shigela nyumbani kwake. Gunia la mizizi lilikwisha kwenda kwa mnunuzi wa Igogo.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Ulishindwa hata kuacha pembe moja?"

"Pori ni la Mungu, dada. Halafu mawe uliyaweka mwenyewe."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

Mvua zilipoanza, ilichipua mikalamu minne tu, iliyokuwa mbali na mawe. Evelina akakariri kichwani mahali pa kila mmoja, kisha akayatawanya mawe yote mahali pasipo na kitu. Kiangazi Shigela akarudi, mtu asiye na aibu. Evelina akaketi mwambani akimtazama anavyochimba jiwe baada ya jiwe, jasho likimtiririka.

"Chimba, Shigela! Chimba mpaka ukutane na baba!"

Alicheka, na hakujuta hata kidogo.

Lakini Queen, mjukuu wake anayejifunza dawa kwake, amemuuliza mara tatu ile minne iko wapi. Binti ni mwaminifu, hana tamaa. Evelina hufungua mdomo, humkumbuka Shigela, akaufunga. Anamchukia ndugu yake kwa yale mashimo. Kwa hili anamchukia zaidi.

Wiki iliyopita alizunguka ngitili peke yake asubuhi nzima. Alikumbuka mahali pa mitatu.