Marehemu Anaongeza Wali

Fulgensi, mwendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, alizaliwa mkunga akiwa bado njiani, na tangu siku hiyo hakupata kumsubiri mtu. Kanisani, "Amina" yake ilitangulia ya Padri. Mto Lumemo ukifurika, wenzake waliketi ng'ambo wakingoja maji yapungue. Yeye alijitosa, na kwa ushujaa huo mto ulikwisha kumlia viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Mkewe Emerensiana alimwambia kila siku kwamba haraka haraka haina baraka. Fulgensi alimjibu kuwa aliyetunga maneno hayo hakuwa na foleni ya magunia mlangoni.

Mashine yake ilikuwa injini kubwa ya dizeli, isiyowashwa kwa nguvu za mkono. Iliamshwa kwa hewa. Pembeni yake ulisimama mtungi wa chuma uliofika kiunoni, umejaa hewa iliyoshindiliwa kweli kweli. Ukifungua koki ya juu, hewa hukurupuka bombani, injini hukohoa, huamka, na ikishaamka huujaza mtungi tena kwa ajili ya kesho. Fundi Wendelin, aliyemfundisha kazi, alimwachia amri moja: mtungi wenye hewa haushikwi kichwa, kwanza utoe pumzi yote, ndipo uguse nati. Fulgensi aliijua amri hiyo kama Baba Yetu, na kila aliyeingia mashineni alisomewa, atake asitake.

Sasa ikaja Ijumaa ile ya mwaka hamsini na sita, mavuno yamekwisha. Kesho yake binti yake Aurelia alikuwa anaolewa. Ndugu walikwisha fika kutoka vijiji vya Mbingu na hata Uchindile, na magunia ya mpunga wa harusi yalikuwa yamepangwa mashineni. Fulgensi alikuwa ametamba Ifakara nzima kwamba katika harusi ya mwanawe hakuna mwanamke atakayeshika mchi. Wali utakuwa mweupe, punje nzima nzima, na mchele utakuwa tayari kabla ya saa sita!

Asubuhi akashika koki. Haikuzunguka. Akaipiga teke, kama alivyozoea. Ikatoa mluzi mwembamba shingoni, sssss, ikakwama palepale. Hewa imo tele, injini imelala, na wanawake wamejaa mlangoni na nyungo zao. Fulgensi akachukua nyundo na spana, akainama juu ya mtungi, uso wake ukaielekea koki.

"Mtani, unafanya nini hapo?" Aliyeuliza ni Domitila. Ukoo wake na ukoo wa Fulgensi ni watani wa kuzikana tangu enzi za mababu.

"Nalegeza nati kidogo tu. Ikianza kupumua, naikaza."

"Si ni wewe uliyetuchosha masikio kwamba kwanza hewa itolewe?"

"Nikiitoa, injini itawashwa na nini? Mpaka lori lilete mtungi mwingine kutoka Kilosa! Unataka mwanangu aolewe kwa ugali?"

Domitila alijifunga kanga kiunoni, akajilaza chali sakafuni, katikati ya Fulgensi na mtungi, kama watani wanavyolala kaburini siku ya mazishi, wakikataa kutoka. Kisha akapasua kilio.

"Uwiii! Fulgensi wetu katuacha! Kaenda mbio hadi mbinguni, Mtakatifu Petro bado anatafuta ufunguo!"

Wanawake wakaangua kicheko. Fulgensi alikasirika, lakini angefanya nini? Mtani aliyelala kaburini haburutwi, hubembelezwa kwa zawadi. Akamwahidi kuku.

"Kuku wa nini? Nizike kwanza rafiki yangu," alisema Domitila. Kisha sauti yake ikabadilika. "Kesho nani atamsindikiza Aurelia kanisani, Fulgensi? Wewe, au hilo spana?"

Kicheko kikakatika. Fulgensi aliinua macho akamwona Aurelia mlangoni. Yeye peke yake hakuwa amecheka hata kidogo. Fulgensi akaiweka nyundo chini, na spana kando yake.

"Tokeni wote," alisema. "Nyuma ya ukuta wa matofali. Na wewe marehemu, inuka!"

Akaufunga mtungi kwa mnyororo kwenye nguzo. Chini kulikuwa na koki ndogo ya kutolea maji yanayojikusanya ndani, mdomo wake umeelekea kwenye tundu la ukutani. Akasimama ubavuni, mbali na mdomo huo, akaizungusha kwa spana refu, kidogo, kidogo tena.

Lo! Hewa ilitoka ikinguruma, na maji ya kutu yakaruka nje. Lundo la pumba uani likapaa, kuku wakatawanyika, vumbi likafunika paa. "Toka! Toka yote!" alipiga kelele Fulgensi, huku nyuma ya ukuta vigelegele vikishindana na ule mngurumo. Ulipungua, ukawa mluzi, ukanyamaza. Fulgensi akaiacha koki ndogo wazi, akangoja. Akangoja tena. Watu walichungulia wajionee jambo hilo kwa macho yao.

Ndipo akagusa nati ya juu. Hata nusu mzunguko haikufika: nati ikamdondokea kiganjani pamoja na mti wa koki, nyuzi zake za kukazia zimelika kama gunzi lililogugunwa na panya. Mateke yake mwenyewe yalikuwa yamezimaliza. Uzi mmoja tu ndio uliokuwa umeizuia hewa yote ile, pale pale alipokuwa ameinamisha uso. Fulgensi aliketi chini akalia, asione haya.

Mchana ule vinu vilitolewa kila nyumba. Wanawake walitwanga kwa zamu wakiimba, na Fulgensi naye akashika mchi, akichekwa mpaka jua likazama. Jumamosi alimsindikiza Aurelia kanisani, mkono kwa mkono, na "Amina" yake ikatoka pamoja na za wengine.

Wali wa harusi ulikuwa na chenga nyingi na chuya zisizohesabika. Fulgensi aliketi akizichambua moja moja. Domitila akapita na sinia, akasimama ghafla.

"Jamani, njooni muone! Marehemu anakula, tena anatafuna polepole!"

Fulgensi alicheka hadi machozi yakamtoka. Akameza, akamwinulia sahani.

"Niongezee, mtani," alisema. "Sina haraka."