Shetani wa Mrusi

Kwenye basi la Langley Park, huko ughaibuni, dada Mtanzania aliyevaa sare ya kutunza wazee alimsimulia mwenzake kwa sauti ya kutangazia abiria wote.

"Yule bibi Mrusi ninayemtunza ni mchawi! Nimemwambia leo nina mtihani wa udereva, akaniombea nisipate hata unyoya. Halafu eti nimjibu, 'Nenda kwa shetani!' Nikamkemea kwa jina la Yesu."

Masikini bibi. Kwao ndivyo wanavyotakiana heri tangu enzi za wawindaji: ukimwombea mtu mema waziwazi, jini wa msituni atasikia ayaharibu.

Mwenzake akachungulia picha kwenye simu ya yule dada. "Jamani, mtoto wako kanenepa! Mzuri!"

Mlokole wetu akaibana simu kifuani. "Wee! Sema ana sura mbaya! Unataka apatwe na jicho?"

Mimi, niliyekaa nyuma yao, nilikuwa nimeshauona pichani uzi mweusi wa kinga mkononi mwa mtoto.

Bibi Mrusi humtaja shetani siku ya mtihani, yakaisha. Sisi tuliookoka tumempa shetani ajira ya kudumu, tukamfunga mkononi mwa mtoto, halafu mchawi ni bibi.